Joto la Bahari na Watu wa Mlimani

Watu wa Arusha tuna desturi ya kuihesabu bahari kuwa mali ya wengine. Tukiitaja, tunaitaja kama mtu anavyomtaja shemeji wa mbali ambaye humwona harusini na msibani tu. Bahari ni ya watu wa Tanga, wa Bagamoyo, wa Unguja na Mafia. Sisi tuna mlima, tuna kahawa na migomba, na kutoka hapa hadi Tanga ni zaidi ya kilomita mia nne za barabara. Kwa hiyo, mtu akisikia kuwa wapo wataalamu wanaopiga mbizi kwenda kufunga vipimajoto katika miamba ya matumbawe, huuliza: sisi yatuhusu nini?

Yatuhusu. Nimeishi chini ya Mlima Meru sehemu kubwa ya maisha yangu, nikifundisha watoto na baadaye walimu, na kadiri nilivyosoma habari za kazi hiyo ndivyo nilivyozidi kuamini kuwa historia ya kulipima joto la Bahari ya Hindi ni sehemu ya historia yetu. Ndugu msomaji, naomba tuifuate pamoja.

Tuanze na maji yanayoshuka. Themi unaopita katikati ya jiji letu, Nduruma, Usa na Maji ya Chai, yote huanzia katika miteremko ya Meru na kumwaga maji katika mto Kikuletwa. Kikuletwa hupokea pia maji ya Kilimanjaro, kisha huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ndipo unapoanza mto Pangani, unaopita Korogwe hadi kumwaga maji yake baharini katika mji wa Pangani. Mbele ya mdomo wa mto huo kuna kisiwa cha mchanga kiitwacho Maziwe, nacho kimezungukwa na matumbawe. Kwa maneno mengine, maji uliyofulia leo Kaloleni yana njia ya kufika huko, polepole, ingawa wewe mwenyewe hujapata kufika.

Mtu wa bara akiliona tumbawe kavu hudhani ni jiwe. Wazee wa Kilwa na Unguja walilitumia kama jiwe hasa: misikiti, majumba na makaburi ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Lakini tumbawe lililo hai ni kundi la wanyama wadogo sana, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa juu ya vikombe vya waliomtangulia. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kama jani la mgomba linavyofanya, na humgawia mwenyeji wake. Rangi nzuri tunazoziona katika picha nyingi hutokana nao.

Maji yakizidi joto, ushirika huo huvunjika. Mwani hutolewa, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Wataalamu husema limepauka. Tumbawe lililopauka halijafa bado. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi na uhai huendelea. Joto likidumu, linakufa kwa njaa. Na joto linalohitajika si kubwa. Katika pwani yetu maji ya juu huwa na yapata nyuzi 25 za Sentigredi wakati wa kusi, mwezi wa Agosti, na hufika 29 au 30 mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Machi, upepo unapolegea na jua kuwa la utosi. Nyuzi moja tu juu ya kawaida ya mwezi wenye joto kuliko yote, ikidumu kwa majuma kadhaa, yatosha kuleta maafa. Kwetu Arusha nyuzi moja si kitu. Baridi ya alfajiri ya Julai na joto la mchana wake huachana kwa nyuzi kumi au zaidi. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kukadiriwa kwa kuchovya mkono majini. Ni lazima lipimwe.

Kupima kulianza kwa ndoo. Katika karne ya 19 mabaharia wa mataifa makubwa waliteremsha ndoo ubavuni mwa meli, wakavuta maji, wakatumbukiza kipimajoto na kuandika tarakimu katika daftari la safari. Mwaka 1853 wajumbe wa nchi kadhaa walikutana Brussels, Ubelgiji, wakakubaliana namna moja ya kuandika habari za hewa na bahari melini. Nia yao ilikuwa kufupisha safari na kuepuka dhoruba. Ndoo zenyewe zilikuwa na ila: zile za turubai zilipoza maji kidogo kabla ya kupimwa, na baadaye meli zilizopima maji yanayoingia kupoza injini zilipata tarakimu za juu kidogo. Wasomi wa baadaye walifanya kazi kubwa kusahihisha tofauti hizo. Hata hivyo, baharia aliyeandika namba yake saa kumi za usiku, meli ikiyumba karibu na Pemba, alituwekea akiba ambayo hakujua kuwa ni akiba.

Sasa tupande mlimani. Sisi tuliokuwa shule za msingi mwaka 1961 tunazikumbuka mvua za mwisho wa mwaka ule. Zilikuja pamoja na Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba, na watu wengi wa Afrika ya Mashariki wakaziita mvua za Uhuru. Wapo waliosema ni baraka, na wapo walioogopa. Mito ilifurika, na katika miaka iliyofuata kina cha Ziwa Viktoria kilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Wakati huohuo meli za utafiti za mataifa mbalimbali zilikuwa katika safari kubwa ya kuichunguza Bahari ya Hindi, iliyofanyika kati ya 1959 na 1965. Lakini hakukuwa na mtu aliyeweza kumwambia mkulima wa Meru kwa nini vuli ile haikutaka kukoma.

Jibu lilipatikana mwaka 1999. N. H. Saji na wenzake walipekua kumbukumbu za joto la bahari za miaka mingi, zikiwamo zile za meli, wakaonyesha kuwa Bahari ya Hindi ina namna yake ya kupinduka. Kwa kawaida upande wa Indonesia ndio wenye joto zaidi. Lakini katika miaka fulani upande huo hupoa, na upande wetu wa Afrika hupata joto kuliko kawaida. Ndipo mawingu na mvua huhamia kwetu, hasa wakati wa vuli. Miongoni mwa miaka waliyoitaja ni 1961, 1972, 1994 na 1997. Mvua iliyotulowesha tukiwa watoto ilikuwa imeandikwa baharini, na miaka 38 baadaye ikasomwa. Isingesomwa kamwe kama hakungekuwa na madaftari.

Matumbawe nayo hujiandikia. Tumbawe kubwa hukua kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama pete za mti, na kemikali zilizomo katika kila tabaka hubadilika kufuatana na joto la maji. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, miongoni mwao Nyawira Muthiga wa Kenya na Tim McClanahan aliyefanya kazi miaka mingi Mombasa, walitangaza matokeo ya kulisoma tumbawe moja la Malindi. Tumbawe hilo lilikuwa na kumbukumbu ya miaka 194, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19. Lilikuwa hai zamani za Seyyid Said, kabla Mjerumani hajafika Meru, na lilikuwa likiandika joto la bahari bila kukosa mwaka.

Nikisoma habari hiyo huinua macho kuelekea mashariki, ambako asubuhi zisizo na mawingu tunamwona jirani yetu Kilimanjaro. Mwaka uleule wa 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na wenzake, walitoboa barafu ya kileleni na kuteremsha nguzo sita za barafu. Kwa makadirio yao, tabaka za chini zilikuwa na umri wa miaka 11,700, na ndani yake walisoma habari za vipindi vya ukame mkali uliozipiga nchi zetu maelfu ya miaka iliyopita. Daftari moja liko kileleni na jingine liko chini ya maji, na yote mawili yana habari za bahari ileile, maana theluji ya Kilimanjaro huletwa na unyevu wa Bahari ya Hindi. Nayo yote mawili yanapotea. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika yapata kilomita za mraba 12. Ilipofika mwaka 2000 ilikuwa imebaki mbili na kidogo. Ya matumbawe tutayaona katika mwaka 1998.

Mvua za El Nino za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 hazihitaji kuelezwa kwa mtu mzima yeyote wa Tanzania. Barabara zilikatika, madaraja yakasombwa, na jina la El Nino likawa la kila nyumba. Huku juu tulihesabu hasara ya mvua. Tusichokijua wengi wetu ni kwamba maji yaleyale ya moto yaliyotuletea mawingu yalikuwa yamebaki kule chini, yakiyaunguza matumbawe. Kati ya Machi na Mei 1998 miamba ya pwani yetu ilipauka. Katika mwamba wa Tutia, kusini mwa Mafia, sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa. Mafia ilikuwa imewekewa hifadhi ya bahari mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, baada ya vita virefu dhidi ya wavuvi wa baruti. Hifadhi iliweza kumzuia mwenye baruti. Joto haikuweza kulizuia. Kule Shelisheli, katika visiwa vya ndani, zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yalipotea. Kwa dunia nzima ilikadiriwa kuwa asilimia 16 ya miamba ya matumbawe iliharibiwa katika mwaka mmoja.

Msiba huo ulizaa kazi. Dakta Christopher Muhando wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja tangu 1978, alikuwa miongoni mwa walioandika yaliyotokea na waliofuatilia joto la maji katika miamba ya karibu na mji wa Zanzibar. Mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa CORDIO kwa msaada wa Sweden, ili nchi za Bahari ya Hindi zichunguze miamba yao kwa pamoja. Tawi lake la Afrika ya Mashariki, lenye makao Mombasa, limeongozwa na David Obura. Watu hawa na wenzao walifunga vinasa joto katika miamba mingi kutoka Kenya hadi kusini.

Kinasa joto ni kidude kinachoenea kiganjani, kisichopitisha maji, chenye betri na kumbukumbu ya kielektroniki. Mpiga mbizi hukifunga imara kwenye mwamba, naye huondoka. Kidude hubaki kikipima kila baada ya muda uliopangwa, tuseme kila saa moja, usiku na mchana, hadi mpiga mbizi arudi baada ya miezi kukifungua, kukisoma kwenye kompyuta na kuweka kingine. Wapo wanaouliza kwa nini taabu yote hiyo, na setilaiti zimekuwa zikipima joto la bahari tangu miaka ya 1980. Setilaiti zina kazi kubwa. Wamarekani huzitumia kuhesabu limbikizo la joto: nyuzi moja ya ziada kwa juma moja huhesabiwa moja, zikifika nne, matumbawe yatarajiwa kupauka, zikifika nane, yatarajiwa kufa kwa wingi. Lakini setilaiti huona ngozi ya bahari tu. Haijui kuwa katika kina cha mita kumi, nyuma ya mwamba fulani, kuna mkondo wa baridi unaopanda kila maji yanapojaa. Kinasa joto kiko palepale alipo mgonjwa.

Kwa kulinganisha tarakimu za vidude hivyo na hali ya matumbawe, McClanahan, Muhando na wenzao walifikia jambo ambalo lisingeonekana kwa macho: si ukali wa joto peke yake unaoamua. Matumbawe yaliyozoea maji yenye kupanda na kushuka kwa joto mara nyingi yalistahimili mwaka 1998 kuliko yale yaliyozoea maji ya hali moja.

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza tulikuwa na kipima mvua, na kisanduku cheupe cha vipimajoto kilichosimama juu ya miguu yake bustanini. Wanachuo walipokezana zamu ya kusoma saa tatu asubuhi. Mmoja wao alikwenda kwao Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu nikakuta siku zote mbili zimejazwa. Tarakimu zake zilikuwa nzuri mno. Hazikupishana hata nusu. Nilipomwuliza alikiri, akaniambia hakutaka daftari liwe na pengo. Nilimwambia kuwa pengo ni habari ya kweli: linasema siku hiyo hapakuwa na mtu. Tarakimu ya kubuni husema uwongo kwa kila atakayekuja, na wa miaka hamsini baadaye hatakuwa na njia ya kuujua. Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi nikisoma habari za vinasa joto, maana kazi yote ya wataalamu hawa inasimama juu ya uaminifu wa namna hiyo. Siku ikipita bila kupimwa haiwezi kurudiwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike insha hii. Mwaka 2020 McClanahan alieleza kuwa miamba ya kutoka Shimoni, kusini mwa Kenya, hadi Dar es Salaam, imebaki na uhai mwingi kuliko jirani zake. Ni kama kambi ya wakimbizi wa matumbawe. Sababu iliyotolewa ni maji ya baridi yanayopanda kutoka katika mifereji mirefu ya chini ya bahari, nayo mifereji hiyo ilichimbwa maelfu ya miaka iliyopita na maji yaliyotiririka kutoka barafu ya Kilimanjaro na kutoka milima ya Usambara. Fikiri, msomaji. Barafu iliyoyeyuka juu yetu kabla ya kuwapo Mmeru, Mwarusha wala Mchaga katika nchi hii iliacha huko chini njia ambayo leo inapoza matumbawe. Mlima umewahi kuisaidia bahari. Swali ni kama utaendelea kufanya hivyo, au sasa utailetea madhara.

Maana matumbawe yaliyochoshwa na joto huhitaji maji safi ili yapone. Udongo ukishuka na mito huyafunika na kuyanyima mwanga. Anayelima hadi ukingoni mwa mto katika miteremko ya Meru, na anayetupa taka katika Themi akingoja mvua izichukue, wote wawili wana mkono wao katika jambo hili, hata kama bwawa na umbali huzuia sehemu ya uchafu huo.

Na joto halikuishia 1998. Mwaka 2016 pwani yetu ilipauka tena. Mwisho wa 2023 Bahari ya Hindi ilipinduka kama ilivyopinduka 1961 na 1997, vuli ikawa kubwa, na tarehe 3 Desemba matope yakashuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hanang iko Manyara, lakini hadi 2002 ilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Arusha, na wengi wetu tuna ndugu huko. Miezi minne baadaye, Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kuwa kupauka kwa matumbawe kumeenea dunia nzima kwa mara ya nne, na miamba ya Afrika ya Mashariki imo. Msiba ule wa Katesh na ule wa miamba vilitanguliwa na dalili moja: maji ya bahari yaliyozidi joto. Nani atasema basi kuwa kipimajoto cha Mafia hakimhusu mtu wa Hanang?

Najua kuwa kupima hakupozi bahari. Moshi unaoipasha dunia joto unatoka zaidi katika viwanda na magari ya nchi nyingine, na mvuvi wa Pangani analipia deni asilolikopa. Lakini asiyepima hana la kudai, wala la kujihadhari nalo. Tabu ni kwamba kazi ya namna hii mara nyingi hutegemea fedha za mradi, na miradi ina mwisho. Betri ya kinasa joto huisha, mpiga mbizi hukosa mafuta ya mashua, na daftari lililoanza vizuri hupata pengo la miaka.

Kwa hiyo natoa pendekezo la kiualimu. Kutoka Meru hadi Pangani, kando ya maji yaleyale, kuna shule nyingi. Kila moja ingeweza kuwa na kipima mvua na kipimajoto, na watoto wakasoma kila siku joto la hewa na la mto, na kina chake. Gharama yake si kubwa kuliko ya mpira na nyavu za goli. Mtoto wa Usa River aandikiane na mtoto wa Pangani, mmoja ataje mvua, mwingine ataje rangi ya maji mdomoni mwa mto na samaki walioletwa ufukweni. Baada ya miaka ishirini tutakuwa na daftari moja linaloanzia mlimani na kuishia baharini, lililoandikwa na wenyewe. Baharia wa mwaka 1853 hakutujua, lakini aliandika. Sisi tunawajua watakaotusoma: ni wajukuu zetu, na maji watakayokunywa ni ya mlima huuhuu.